Mawimbi ya nyotamkia si ujumbe, na dishi bovu si la kutupa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie taarifa inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Kigoma, ambayo mtangazaji mmoja wa redio aliisoma hewani bila hata kusema "inadaiwa". Inasema kuna chombo kilichotoka nje ya mfumo wa jua, kikapita jirani yetu, na darubini ya Afrika Kusini ikanasa mawimbi kiliyotuma. Mimi ni fundi wa redio na madishi hapa Mwanga, mjini Kigoma. Kwa kuwa mawimbi ndiyo kazi yangu, wateja wananiuliza mimi, na nimechoka kujibu mmoja mmoja nikiwa juu ya ngazi.

Hicho wanachokiita chombo ni nyotamkia, yaani donge la barafu na vumbi linalosafiri angani. Inaitwa 3I/ATLAS, iligunduliwa tarehe 1 Julai 2025 na darubini iliyoko Chile, na ni ya tatu kujulikana kati ya vitu vilivyotujia kutoka nje ya mfumo wetu wa jua. Vilivyotangulia ni 'Oumuamua mwaka 2017 na Borisov mwaka 2019. Huo ujirani unaosemwa ni kilomita milioni 270 hivi, nao ndio ulikuwa ukaribu wake mkubwa kabisa na dunia, Desemba ya mwaka huo.

Mawimbi yalipimwa kweli, hilo sibishi. Ilikuwa Oktoba 2025, siku chache kabla haijapita karibu kabisa na jua. Darubini yenyewe ni MeerKAT, madishi 64 yaliyosimamishwa kwenye nyika kavu ya Karoo, kila moja na upana wa mita 13.5. Masafa yalikuwa megahezi 1,665 na 1,667, hapo katikati ya 900 na 1,800 za simu zetu. Ila kilichoonekana hapo hakikuwa mawimbi kuongezeka, bali kupungua. Nyotamkia inapolikaribia jua, barafu yake inageuka mvuke, mwanga wa jua unayavunja yale maji, na kinachobaki ni haidroksili, yaani oksijeni moja iliyoshikana na haidrojeni moja. Haidroksili humeza mawimbi ya masafa hayo yanayotoka nyuma yake. Ni kama mtu anapokatiza mbele ya taa ya mvuvi usiku: sura yake huioni, ila unajua kuna mtu kapita. Kwa hiyo darubini ilichotuambia ni kwamba pale pana maji, maji yaliyoganda penye jua lingine. Kwangu hiyo ni habari kubwa kuliko chombo chochote, na sijui kwa nini hakuna aliyeisambaza.

Kila kitu chenye joto kinatoa mawimbi ya redio, hakingoji mtangazaji. Asiyeamini achukue dishi lililotupwa, hata la sentimita 90, ilimradi kichwa chake (kile kinachonasa mawimbi mbele ya dishi) ni kizima, aliunganishe na king'amuzi kupitia kile kipimo kidogo chenye mshale tunachotafutia setilaiti. Alielekeze kwenye anga tupu na kuurekebisha mshale ushuke chini. Kisha alisogeze taratibu kuelekea juani, akiongozwa na kivuli chake wala si kwa kulitazama jua. Mshale unapanda, mlio unakuwa mkali. Akilipita jua, unashuka. Akiliinamisha kwenye ukuta wa matofali, unapanda tena. Aweke kiganja mbele ya kichwa: unapanda vilevile, kwa sababu hata mkono wa binadamu una joto. Vijana wanaokuja dukani kwangu huanza kwa kucheka, baadaye wananyang'anyana dishi.

Ndiyo maana kila mwaka, siku za kukaribia tarehe 21 Machi na tena Septemba, simu yangu haipoi mchana: fundi, picha imekatika! Jua limepita nyuma ya setilaiti na mawimbi yake yameifunika. Baada ya dakika chache picha inarudi yenyewe. (Wapo mafundi wanaokwenda wakapanda juu ya bati, wakashuka na kudai hela ya ufundi. Nawajua.)

Aliyetufungulia njia hii ya kusikiliza anga kwa redio alikuwa na kazi inayofanana na yetu. Karl Jansky, mhandisi wa maabara za kampuni ya simu ya Bell kule Marekani, alitumwa atafute chanzo cha mikwaruzo iliyosumbua simu za ng'ambo zilizopita kwa redio. Alijenga antena ya kuzunguka, akaiweka juu ya magurudumu ya gari, akawa anasikiliza kwenye megahezi 20.5. Alisikia radi za karibu, radi za mbali, na mvumo wa tatu asioujua. Mwanzo alidhani ni jua. Lakini ule mvumo ulikuwa unawahi kama dakika nne kila siku, na zinazowahi hivyo ni nyota. Wazee waliohesabu misimu kwa nyota za Kilimia wangemwelewa upesi. Mwaka 1933 alitangaza kwamba unatoka kwenye Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota wa galaksi yetu, na una nguvu zaidi upande wa kitovu chake. Wakubwa zake wakampangia kazi nyingine.

Kitovu hicho ndicho chenye lile shimo jeusi, kitu chenye mvutano ambao hata mwanga hauponyoki, ambalo picha yake, iliyopatikana kwa kuunganisha darubini za redio za mabara kadhaa, ilitolewa tarehe 12 Mei 2022. Uzito wake ni wa majua milioni nne hivi. Watu wa Ulaya kaskazini wanakiona kitovu hicho chini kabisa upeoni, kama wanakiona. Sisi kinatupitia karibu na utosini, kusini kidogo: mwishoni mwa Juni kama saa sita usiku, mwishoni mwa Julai saa nne, mwishoni mwa Agosti saa mbili. Tafuta nyota za Nge na mkia wake uliojikunja, kitovu kiko pembeni mwa mkia. Juni ndiyo bora. Kufika Agosti moshi wa nyika zinazochomwa unachafua anga. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mifuko iliumia na sifurahii hilo, lakini bila taa za wavuvi, giza la ufukweni Kibirizi lilikuwa la kipekee kwa kutazama nyota.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Ratiba ya ligi unaichapa kila wiki. Tupe na robo safu ya anga, miezi ya kiangazi tu: mwezi unaandama lini, sayari gani iko wapi, na uvumi gani si kweli. Kenya, Zambia na Msumbiji ni kati ya nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini kwenye mradi mkubwa wa darubini ya redio wa SKA. Sisi hatumo, na sijasoma popote mtu akiuliza kwa nini. Ghana mwaka 2017 waligeuza dishi la zamani la mawasiliano, la mita 32, pale Kuntunse, likawa darubini. Hapa Mwanga madishi mabovu yanauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwalimu wa fizikia anayetaka moja aje asubuhi, kabla sijatoka kwenda kwa wateja. Kipimo nitamwazima, ila kirudi Jumamosi.

Fundi wa redio na madishi,
Mwanga, Kigoma