Mama, msisage yote

Salt Lake City, Utah
14 Julai

Mwangaluka mayo, shikamoo.

Juzi Sada kanipigia, kaniambia magunia sita ya mahindi yameshaingia ndani na mnataka kusaga mawili kwa mpigo ili kukwepa foleni ya mashine. Naomba msubiri kwanza, niwasimulie yaliyonikuta.

Jirani yangu hapa ni bi mkubwa mmoja, Mmormoni. Kanisa lao huwahimiza waumini kuweka akiba ya chakula nyumbani, na yeye hana mzaha. Siku moja kaniteremsha chini ya nyumba yake, nikakuta kihenge! Si cha fito na udongo kama cha babu kule Sikonge. Ni makopo, rafu kwa rafu, ngano tupu, kila kopo kama kilo mbili na nusu. Ndani hutiwa kipakiti chenye unga wa chuma unaokula oksijeni, kopo linafungwa, na ngano hukaa hata miaka 30. Alinifungulia moja la mwaka 1998 tukaoka mkate. Nimeula mimi mwenyewe, mama.

Akaniazima mashine ya mkono, ile ya kubana kwenye ukingo wa meza. Nilizungusha mpaka bega likagoma, nikamkumbuka bibi na jiwe lake. Kwa kiherehere changu nikasaga kilo nane siku moja, nikaweka kabatini karibu na jiko. Mwezi wa pili tangu nisage, nakanda chapati: chungu, zinanuka kama mafuta ya kukaangia yaliyolala. Bi mkubwa akacheka sana. Punje ikiwa nzima, mafuta yake yamejifungia kwenye kiini. Ukishaisaga, hewa inayafikia yanaharibika. Ndiyo maana dona haikai kama sembe. Sembe kiini kimebaki kwenye pumba. Kumbe ulivyokuwa ukinituma na debe moja kila Jumamosi ulijua unachofanya, nami njia nzima nanung'unika, nikidhani hatuna hela ya kusaga mengi!

Sasa nasaga ya siku mbili tatu tu. Ila unga huu unakunywa maji kuliko wa dukani, na usipouacha nusu saa kabla ya kusukuma, chapati zinapasuka pembeni.

Ninachohofia huko ni dumuzi. Huku hewa ni kavu, wadudu si wengi. Sisi Tabora ndio tuliompokea mdudu yule mapema kuliko wengi Afrika, miaka ya 1980 inaanza, akitokea Amerika, na wazee wakambandika jina la Skania, lile lori, kwa jinsi anavyofagia ghala. Mahindi ya kwenye magunzi ndiyo anayoyapenda zaidi. Kama kuna yaliyobaki na magunzi, pukuchueni yote.

Halafu myapime. Sada achukue chupa ya kioo iliyokauka, atie mahindi robo chupa na kijiko cha chumvi iliyoanikwa juani, atikise vizuri, aiache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Usiyafungie hivyo hivyo mama, yataota ukungu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika.

Yakikauka, yaingie kwenye ile mifuko ya kinga njaa, yenye plastiki mbili ndani na sandarusi nje. Kila plastiki ifungwe peke yake, hewa ikamuliwe kwanza. Mdudu atakayekuwa amebaki humo atapumua mpaka hewa iishe, afe. Msiifungue kuchungulia! Namjua baba. Ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na panya wasipewe njia. Gunia moja libaki nje la kula sasa, debe kwa debe kama zamani.

Hela ya mifuko mitano nimetuma kwenye simu ya Sada. Isiende kwenye vocha. Anipigie Jumapili aniambie chumvi imegandaje.

Mwanao,
Mashaka