Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanajumuiya wa hapa Wilmington, North Carolina, wazee wetu, mama zetu na vijana,

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Tunamshukuru Mungu kwa kutuvusha mwaka. Wenzetu watatu hatunao tena. Mwenyezi Mungu awalaze mahali pema.

Shughuli za kawaida sitazirefusha, picha zote ziko kwenye grupu. Darasa la Kiswahili la watoto liliendelea kila Jumamosi. Futari ya pamoja ilifanyika, Siku ya Kiswahili ya tarehe 7 Julai tuliiadhimisha, sherehe ya watoto ya Desemba ilifanyika. Familia sita za wageni zilipokelewa na kutafutiwa vitanda na makochi. Timu ya mpira ilicheza mechi nne ikafungwa nne, na mwalimu wao yupo, atajieleza.

Sasa nije kwenye jambo lililowaleta wengi wenu, maana tangu nichaguliwe sijauona ukumbi huu umejaa hivi. Ni suala la kemikali za kiwandani kwenye maji na samaki wetu, na filta nilizonunua kwa hela ya mfuko wa misiba. Nimesikia mengi kwenye simu, mengine kanisani, mengine saluni kupitia kwa mke wangu. Leo nitayajibu yote, na naomba nisikatizwe.

Nianze na samaki. Siku ya pikniki Julai, mzee wetu mmoja, mvuvi hodari aliyekulia Ziwa Tanganyika, alikesha mtoni akaja na masanduku mawili ya barafu. Nilifungua mwenyewe. Kambare walikuwa wamelaliana kichwa kwa mkia, sharubu zimegandiana na barafu, mmoja mrefu kama mkono wangu kuanzia begani. Kina mama walishaanza kukata vitunguu, karai liko motoni. Nikasema samaki hawa hawaliwi hapa. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa kwa mtu wa umri wake, hilo nalikiri, na nilikwenda kwake na sukari na majani ya chai kumwomba radhi. Lakini anayedai nilimwaga chakula cha watu anasema uongo. Mzee aliondoka na masanduku yake. Huko nyumbani alivyowafanya, sikumfuata.

Mimi ni mtu wa Mwanza. Samaki sihitaji kufundishwa. Nilikataa kwa sababu Julai 2023 Idara ya Afya ya North Carolina ilitoa tangazo kuhusu kemikali kwenye samaki wa mto Cape Fear, sehemu ya kati na ya chini. Wanawake wa miaka 15 hadi 44, wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasile kabisa aina kadhaa, akiwemo kambare yule wa kichwa bapa. Kambare wa buluu na wa aina nyingine ya kawaida, mlo mmoja kwa mwaka. Mlo mmoja, ndugu zangu. Kwenye pikniki ile watoto peke yao walizidi thelathini. Ningefanya nini, nisimame kwenye karai nawauliza kina mama miaka yao?

Ndugu yetu mmoja msomi aliandika kwenye grupu kwamba mwenyekiti amechanganya mambo: kemikali iliyotajwa kwa samaki ni PFOS, wakati ya kiwanda kilichoko juu ya mto inaitwa GenX. Kweli, hapo alinishika. PFOS ilitumika kwenye povu la kuzimia moto, kwenye mazulia na vitambaa visivyoshika maji, na inaingia mtoni kutoka sehemu nyingi. Ila zote ni ukoo mmoja. Ni minyororo ya kaboni iliyofungwa na florini, na fundo hilo ni gumu kiasi kwamba jua, vijidudu vya udongoni na hata maini yetu hayalifungui. Ndiyo maana wanaziita kemikali za milele. Samaki haulizi imetoka bomba gani.

Kwa familia zilizofika juzi, nieleze kwa ufupi. Zaidi ya kilomita 100 juu ya mto kutoka hapa kuna kiwanda kiitwacho Fayetteville Works. Kilikuwa cha DuPont, tangu 2015 ni cha Chemours. GenX ilikuja kuchukua nafasi ya PFOA, ile waliyoiita C8, iliyotumika kutengeneza Teflon ya vikaango. Kumbe hata kabla ya hapo ilikuwa ikitoka kama taka ya kazi nyingine na kuingia mtoni tangu 1980. Watu wa Wilmington walijua Juni 2017, gazeti la hapa, StarNews, lilipoandika. Miaka 37 watu wanakunywa, wanapikia, wanachanganyia watoto maziwa. Mwaka 2019 ikatoka amri ya mahakama: kampuni ikalipa faini ya dola milioni 12, ikatakiwa kupunguza moshi na maji machafu, na kuhudumia wenye visima vilivyoharibika. Visima, kwa sababu kemikali hii haikupita mtoni tu. Ilitoka pia kwenye mabomba ya moshi, ikanyesha na mvua, ikazama ardhini.

Madhara yake hayajazuliwa na mwenyekiti. Kule Parkersburg, West Virginia, baada ya kesi ya C8, watu kama 69,000 walitoa damu ikapimwa, na jopo la wanasayansi likaihusisha C8 na magonjwa sita: saratani ya figo, saratani ya korodani, ugonjwa wa tezi ya shingo, vidonda vya utumbo mpana, kolesteroli kupanda, na presha ya wajawazito. Desemba 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likaiweka PFOA kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. GenX ni mdogo wake, na kwa wanyama wa maabara imeonekana kudhuru ini. Sisemi kwamba yeyote kati yetu ameugua kwa sababu ya maji. Sijawahi kusema, na aliyenukuu hivyo kwenye grupu afute.

Kiwango kinachozungumzwa ni kidogo mno, na hapa ndipo wengi hucheka. Aprili 2024 serikali ya Marekani iliweka kikomo cha GenX: nanogramu 10 kwa lita. Chukua gramu moja ya chumvi, igawe kwenye maboza 10,000, kila boza lita 10,000. Ndiyo hiyo. PFOA na PFOS ni 4. Halafu Mei 2025 wakatangaza kwamba PFOA na PFOS zitabaki lakini mitambo ya maji iongezewe muda hadi 2031, na kikomo cha GenX wanataka kukiondoa. Wapinzani wangu walinitumia habari hiyo usiku uleule, na vikatuni vya kucheka. Mimi nauliza: kikomo kikiondolewa, kilichomo kwenye maji nacho kinaondoka?

Halafu kuna hoja ya meno. Kwenye kikao cha Februari mzee wetu wa Meru alisimama, akavuta mdomo wa juu kwa kidole, akatuonyesha meno ya kahawia. "Hii ndiyo floridi," akasema, "nimeinywa kwetu, kijiji cha Maji ya Chai karibu na Arusha, tangu kuzaliwa, na nimewazika waliokunywa maji safi." Watu wakapiga makofi na kikao kikanivurugikia. Sikupata nafasi ya kujibu, kwa hiyo najibu leo. Floridi ya Meru ni chumvi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Inakaa kwenye meno na mifupa, na Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hii ya hapa imetengenezwa kiwandani, inakaa kwenye damu na maini, na inahesabiwa kwa nanogramu, sehemu ya milioni ya miligramu. Jina limefanana, mwendo mwingine. Na hiyo ya Meru nayo haikuwa salama. Mzee anajua majirani zake waliopinda miguu. Mwenyewe ndiye aliyetuhadithia jinsi pale Ngurdoto wanavyochuja maji kwa mkaa wa mifupa.

Jingine: kuchemsha. Tumezoea kwamba maji yakitokota yamekuwa salama. Vijidudu vinakufa, sawa. Kemikali hii haifi, na maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki na kukolea. Mama mmoja aliniambia yeye huchemsha mara mbili kwa ajili ya mtoto mchanga. Niliposikia hivyo sikulala.

Sasa filta. Mlio mjini mnapata maji ya mamlaka ya Cape Fear, ambayo tangu Oktoba 2022 yanapita kwenye matangi ya mkaa maalumu yaliyogharimu dola milioni 43 hivi. Ninyi sikuwanunulia kitu kwa sababu hamkuhitaji, na lawama ya upendeleo haina msingi. Waliohitaji ni familia tisa zinazoishi kwenye nyumba za trela nje ya mji na kutumia visima. Yamesemwa: kwa nini jumuiya itoe hela wakati kampuni inatakiwa kutoa bure? Ni kweli, chini ya amri ya 2019 kisima kikipimwa na kemikali mojawapo iliyoorodheshwa kufikia nanogramu 10, nyumba inapewa filta hadi tatu za kuwekwa chini ya sinki. Lakini hawa ni wapangaji. Kufunga kitu kwenye bomba kunataka saini ya mwenye nyumba. Mmoja niliyemwandikia barua mara tatu hajajibu hadi leo, mwingine alisema anayetaka filta atafute nyumba nyingine. Tungoje?

Machi nilinunua filta 11 kwa dola 210 kila moja, za aina inayosukuma maji kupitia utando mwembamba, za kusimama mezani au kufungwa bila kutoboa. Jumla 2,310. Ufungaji 360. Kupima visima viwili kwenye maabara ya binafsi, 600. Zote pamoja 3,270, kutoka mfuko wa misiba.

Ndiyo, mfuko wa misiba. Katiba inasema kamati isizidi dola 1,000 bila mkutano mkuu. Mkutano niliuita. Februari tarehe 8 walikuja watu 17, na akidi ni 40. Wiki mbili baadaye wakaja 12, wawili kati yao wakiwa wamefuata chakula. Ibara ya 9 inampa mwenyekiti uwezo wa kuchukua hatua za dharura, nami nikaitumia. Mweka Hazina alikataa kusaini; ni haki yake. Lakini ugomvi wetu ulisababisha rambirambi ya msiba wa Novemba, wa kusafirisha mwili hadi Bukavu, ichelewe wiki tatu. Hilo linaniuma, na familia ile nimeipigia magoti. Hela yao ya dola 2,000 imeshatoka kamili.

Majibu ya vile visima viwili: kimoja hakikuonyesha kitu, kingine kilivuka kikomo. Kwa hiyo kuna waliokokotoa kwamba nimetumia dola 3,270 kuokoa nyumba moja. Visima saba havijapimwa, ndugu zangu. Anayetaka kujua vina nini atoe dola 300 kila kimoja tupime, badala ya kukokotoa.

Na kuhusu shemeji yangu, wanayesema nilimpa ulaji. Filta zilinunuliwa dukani, risiti ziko kwa Katibu. Shemeji alifunga tu, nyumba tisa kwa dola 40 kila moja, na fundi mwingine tuliyemuuliza alitaka 150. Petroli alijilipia.

Hesabu ya mfuko wa misiba: tulianza mwaka na 9,400, zikaingia 2,850, misiba mitatu ikachukua 6,000, maji 3,270, zimebaki 2,980. Hesabu ya kawaida ni ndogo na ya aibu. Kaya zilizojiandikisha ni 118, ada ni dola 10 kwa mwezi. Zilizolipa mwaka mzima ni 41. Nyingine hazijalipa tangu 2023 lakini wakati wa msiba ndizo za kwanza kupiga simu saa nane usiku. Orodha ninayo hapa, sitaisoma, ingawa nilishauriwa niisome. Wanaosema mwenyekiti amekula mfuko, zaidi ya nusu majina yao yako humo. Mimi kodi ya ukumbi wa mkutano wa Agosti nililipa mfukoni mwangu, dola 175, sijadai na sidai, nataja tu.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kuwapata wataalamu wa chuo waje kutueleza mambo ya maji kwa Kiswahili, kupima visima vilivyobaki uwezo ukiruhusu, kuonana na wenye nyumba, na kufufua timu ya mpira. Pikniki itakuwepo, na samaki watakuwepo: sato wa dukani. Mzee wetu mvuvi nimemwomba awe mkuu wa karai. Bado hajanijibu.

Filta mbili ziko gerejini kwangu kwenye maboksi yake. Familia yenye kisima na mtoto chini ya miaka mitano inipigie, jioni baada ya saa kumi na mbili, kwa sababu mchana niko kazini. Na zile tisa zilizofungwa Machi, kadiriji zake, yaani vichujio vya ndani, zinafikisha mwaka. Kila moja ni dola 45, na safari hii kila nyumba inajinunulia.

Mwenyekiti