Mtoto asikatwe kimeo

Columbus, Ohio

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ila baridi imetufungia ndani. Mama mpe shikamoo yangu, na shemeji msalimie. Juzi simu ilikatika tukiwa ndiyo kwanza tunaingia kwenye jambo lenyewe, nikaona bora niandike, usome kwa utulivu kisha uwasomee na wao.

Umeniambia mwanangu, huyo mtoto wako wa kiume, ametimiza miaka miwili na miezi miwili, maneno yake bado ya kuhesabu, na jirani amemshauri mama apelekwe akakatwe kimeo ndipo ulimi ufunguke. Nakuomba sana, asikatwe. Kimeo kiko nyuma kabisa kooni, na kazi yake ni kusaidia kuziba njia ya puani mtu akimeza au akitamka. Hakimzuii mtoto kujifunza kusema. Kukikata kunaweza kuleta damu isiyokatika, usaha, hata pepopunda. Na hao wanaosema ana udata, waambie hivi: mtoto ambaye ulimi wake umeshikwa chini anaweza kupata taabu kwenye baadhi ya sauti, lakini maneno anakuwa nayo, anayasema ila hayatoki sawasawa. Wetu maneno yenyewe ndiyo machache. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Cha kuanza nacho ni masikio. Najua utasema anasikia, maana bodaboda ikipita anakimbilia mlangoni. Hiyo haitoshi, dada. Mtoto anaweza kusikia bodaboda na mlango ukibamizwa, lakini sauti nyembamba za s na f zikampita, na usemi umejaa sauti hizo. Wala usitulie kwa kuwa alipokuwa mchanga alitoa sauti. Hata mtoto asiyesikia hutoa sauti miezi ya mwanzo.

Mwanao wa huku, binti yangu, alikuwa hivyo hivyo. Alipopimwa alikutwa na maji nyuma ya ngoma ya sikio, hana homa, halii, wala sikio halitoi usaha. Kwake maongezi yetu yalikuwa kama yanatoka kwa mtu aliye juu ya kisima naye yuko ndani. Mara nyingi maji hayo hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo daktari huangalia kwanza. Yakikaa sana, wapo watoto wanaowekewa kijibomba kidogo kwenye ngoma. Kwa mwanao yalikauka. Lakini tusingepima tusingejua.

Huku Marekani ipo sheria tangu 1986 inayoyafanya majimbo kuwatazama watoto walio chini ya miaka mitatu wanaochelewa, na mzazi halipii kupimiwa mtoto. Hawasemi "ngoja, wa kiume huchelewa" kama ulivyoambiwa wewe. Ni kweli wavulana kwa wastani huchelewa kidogo, na ni kweli watoto wengi waliochelewa kusema huja wakawafikia wenzao. Lakini katika umri huu hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba wako ni mmoja wao. Kwa mwongozo wa huku wa ukuaji wa watoto, uliopitiwa upya 2022, robo tatu ya watoto au zaidi wakifika miaka miwili huwa wanaunganisha maneno mawili, mfano "maji zaidi". Wetu bado, kwa hiyo apimwe sasa.

Kuna mambo nataka uyatazame mwenyewe kabla hujaenda. Ukimwita jina akiwa amekupa mgongo, anageuka? Anakuonyesha kitu kwa kidole, akikutazama aone kama nawe umekiona? Ukimwambia "lete kiatu cha baba" bila kuashiria kwa mkono, analeta? Mtoto anayeelewa mengi ingawa anasema machache ana dalili njema. Na kama kuna maneno aliyokuwa akiyasema zamani na sasa ameyaacha, usingoje hata wiki, mwambie daktari hilo kwanza.

Andika kila neno analosema, la Kiswahili na la Kisambaa pia, yote yahesabiwe pamoja. Huko Kilifi watafiti walitengeneza orodha za namna hiyo kwa Kiswahili na Kigiriama ili kuwauliza wazazi maneno ya watoto wao, kwa hiyo lugha zetu zinafaa kabisa kupimia. Na usimkataze mama kumsemesha Kisambaa. Nami niliwahi kuambiwa niache Kiswahili nyumbani ili binti asichanganyikiwe. Mtaalamu wa usemi akakataa katakata, akasema lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, na kwamba mzazi aongee ile anayoiongea kwa moyo wake wote. Nimeshika hilo mpaka leo.

Simu ya katuni ipunguzeni. Katuni haimsubiri mtoto ajibu. Wewe msubiri. Akisema "taka chai", usimwambie amekosea, mjibu "unataka chai? Haya, chai hii hapa", kisha nyamaza kidogo umpe nafasi. Viambishi, kama hiyo "nina" ya "ninataka", watoto wetu huviacha mwanzoni, hilo ni la kawaida, wataviokota kwa kutusikia.

Anzia hospitali ya Bombo hapo Tanga, useme wazi kwamba unataka apimwe masikio. Wakikuandikia rufaa ya Muhimbili, nenda bila kusita, hata wakikuambia usikivu wake ni mdogo sana. Pale tangu 2017 wanapandikiza vifaa vya kusaidia kusikia kwa watoto ambao vifaa vya kawaida haviwafai, na kadiri mtoto anavyowahi ndivyo anavyofaidika zaidi.

Nauli nimeituma kwenye namba ya shemeji, na ya kulala Dar imo. Siku watakayokupangia niandikie, hata kama ni usiku kwangu. Mama akiona uzito juu ya hili la kimeo, usibishane naye, nipigie nizungumze naye mimi.

Dada yako akupendaye