Chuo cha mchana na chuo cha usiku

London, 2 Septemba 2025

Wazazi wangu wapendwa,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi mzima, alhamdulillah, na tasnifu nimeikabidhi wiki iliyopita. Bibi mpeni mkono wangu, mwambieni dawa yake ya kuchua mgongo nimeipata na anayo huyu mgeni aliyewaletea barua hii.

Najua mtashangaa kupokea karatasi katika zama za WhatsApp. Sababu yangu ni moja. Sauti ninazotuma, Mama huzifungulia barazani, simu juu ya paja, na shoga zake wote wakazisikia mpaka mwisho. Hili la leo ni la ndani.

Mdogo wangu kaniandikia. Ujumbe wenyewe mrefu kama risala ya harusi, na kautuma saa saba za usiku: kapata nafasi SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kule Tunguu, Baba kasema atakwenda na kurudi kila siku kutoka Bububu, yeye anataka dakhalia, alale bweni la chuo, nami nimwombee. Siku mbili baadaye Baba akanipigia, nimwambie mdogo wangu aache ukaidi. Basi nimekuwa wakili wa pande mbili, na wakili wa namna hiyo mwisho hukosa ujira kotekote.

Baba, hesabu yako ya pesa naikubali. Kula nyumbani ni rahisi kuliko kula dukani, na chumba cha nyumbani hakina kodi. Hata serikali ya hapa ina hesabu kama yako. Mwanafunzi mwenyeji wa England akikaa kwa wazazi wake, mkopo wake wa kujikimu kwa mwaka huu wa 2025/26 hauzidi pauni 8,877. Akikaa mbali na kwao, tena ndani ya London, unaweza kufika pauni 13,762. Kwa hiyo katika fedha sina ugomvi nawe. Nilichotaka kukwambia ni kuwa mimi nilikwenda na kurudi Tunguu miaka mitatu, na kuna mambo sikukwambia.

Asubuhi haikuwa tabu. Gari za 502 zinapakia mwanzo wa njia hapo hapo Bububu, kiti unapata, unasinzia mpaka Darajani. Tabu ilikuwa kurudi. Unasimama barabarani Tunguu saa kumi jua la kichwa, na gari zinazopita zinatoka Makunduchi na Jambiani zimeshajaa watu na matenga ya samaki. Konda anakuonyesha mkono tu, hata mwendo hapunguzi. Inapita ya pili, inapita ya tatu. Ukipata, unaingia umeinama, begi kifuani, goti la mtu ubavuni mwako. Darajani unaanza upya foleni ya Bububu. Kuna siku nilikuwa nikikumbuka habari za ile reli iliyojengwa mwaka 1905, ya kutoka Ngome Kongwe mpaka Bububu, nikasema laiti wasingeing'oa. Magharibi ikinikuta njiani nilikuwa nahesabu nguzo za umeme.

Lakini njia, wallahi, siyo iliyonichosha. Mtu huzoea njia. Nilichokosa ni chuo cha usiku.

Chuo kina mchana wake na kina usiku wake, na mimi nilisoma cha mchana peke yake. Wenzangu wa kutoka Pemba, wa Wete na Micheweni, hawakuwa na hiari. Bahari ilishawakatia shauri, wakakaa dakhalia. Mchana tulikuwa sawa, tena mimi labda niliwatangulia kidogo. Baada ya isha ndipo walipoanza. Sufuria moja ya chai, karatasi za mitihani ya nyuma zimetandazwa juu ya mkeka, huyu anamweleza yule. Mimi nilikuwa nazisikia habari hizo asubuhi yake, kama mtu anayesimuliwa harusi aliyoikosa. "Jana tulilitatua lile swali la tano." Lipi? "Aa, wewe ulishaondoka." Neno hilo nimelisikia miaka mitatu: ulishaondoka.

Na nyumbani nilipofika sikuwa mwanafunzi. Mama, hapa nakuomba usione nakulaumu, maana hukunilazimisha hata siku moja. Ulikuwa ukisema tu, "Mwanangu, ukipumzika nisaidie." Unakumbuka ile khitma ya marehemu Ami? Wageni walikuja kutwa nzima. Kesho yake nilikuwa na mtihani wa takwimu saa mbili asubuhi. Nilifika nyumbani jua linazama, nikavua buibui, nikafunga kanga kiunoni, nikaingia jikoni. Nilikaanga kachori mpaka saa nne za usiku. Daftari nililiweka juu ya gunia la mchele, nikawa nikigeuza kachori kwa mkono huu na kurasa kwa mkono huu, na mpaka leo lile daftari ukilifungua ukurasa wa mtawanyiko unanuka mafuta na una alama ya kidole changu. Mtihani ule niliurudia. Niliwaambia mwalimu kachelewa kutoa matokeo. Nisameheni kwa uongo huo.

Hakuna aliyekosea siku ile. Khitma ni haki ya maiti na mgeni ni haki ya nyumba. Ila mtoto wa kike akiwepo nyumbani, basi yupo. Hakuna anayemwona kuwa yuko chuo. Kaka yetu alipokuwa akisoma, alifunga mlango wa chumba chake na sote tukatembea kwa ncha za vidole. Sisemi zaidi ya hapo, Baba, wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukitunyamazisha.

Tena nikukumbushe jambo, kwa adabu. Wewe ulisoma Mlimani, Dar es Salaam, kwa kuwa zama zenu Zanzibar haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Kile cha Zanzibar University kimefunguliwa 1998, na SUZA ikaundwa kwa sheria ya 1999 ikaanza kusomesha 2001. Ulivuka bahari ukakaa dakhalia, mtoto wa Bibi aliyekuwa hajawahi kulala nje ya nyumba yao. Rafiki zako wanaokuja kutuamkia Idi, wote ni wa chumba kile na ukumbi ule. Hadithi ya mwenzako aliyepika ugali ndani ya ndoo ya kuogea tumeisikia mara ngapi? Mimi nina shahada ya pale Tunguu, nzuri, naijivunia, lakini sina hadithi ya ndoo.

Sasa msidhani kwa kuwa nimekaa dakhalia hapa London basi nimeiona pepo. Tulikuwa sita, kila mtu na chumba chake, jiko moja. Kodi yangu pauni 215 kwa wiki, na viza ya mwanafunzi hairuhusu kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, kwa hivyo nilikuwa najua bei ya kila yai. Kwenye friji kila mmoja na rafu yake. Rafu iliyo juu ya yangu ilikuwa ya kijana anayeweka nyama ya nguruwe, nami nikawa naufunika mchuzi wangu mara tatu kama mtoto mchanga.

Mwezi wa tatu, Ramadhani, niliamka saa kumi alfajiri kupasha chapati ya daku. Uvivu ukanishika, nikaitia kwenye kile kidude chao cha kubanikia boflo. Chapati ikakunjika, ikakwama, ikatoa moshi. King'ora kikalia jengo zima, ghorofa saba! Watu wakateremka na mablanketi, wengine pekupeku, tukasimama kwenye maegesho na baridi ile, mimi nimevaa kanga yako, Mama, ile yenye maneno "Wema hauozi", nimeshika glasi ya maji maana alfajiri ilikuwa inakaribia kuingia na sijanywa. Jirani yangu, binti wa Kikorea, akaniuliza kwa upole nilikuwa napika nini saa ile. Nikamweleza daku ni nini, meno yanagongana. Kesho yake kwenye kile kidude kulikuwa na kikaratasi: kisitumike kwa mikate ya duara.

Hiyo nacheka. Ya mwezi wa kumi na moja sikuicheka. Nilipata homa, nikalala siku tatu. Siku tatu hakuna aliyegonga mlango. Si kwa ubaya, hawakujua tu. Hapa mlango uliofungwa maana yake mtu hataki usumbufu. Wa kwanza kugonga alikuwa fundi aliyekuja kukagua kifaa cha moshi. Alinitazama, akaomba radhi, akapanda ngazi yake, akabonyeza, kikalia, akaondoka. Nyumbani ningekuwa nimeshachuliwa na Bibi kwa mafuta ya karafuu kabla sijasema kichwa kinauma. Kwa hiyo mdogo wangu akisoma haya, kama ninavyojua atayasoma kabla yenu, ajue dakhalia si uhuru mtupu. Sabuni utanunua mwenyewe. Utagombana na mtu kwa ajili ya taa. Utalala na njaa kwa uvivu, si kwa ukata.

Darasani kwetu alikuwepo msichana wa asili ya Bangladeshi anayekaa kwao Ilford, anakuja na kurudi. Wanafunzi hapa wana kadi ya kusafiria inayowapunguzia asilimia 30 ya tiketi za wiki na za mwezi, naye alikuwa nayo. Mchana sisi tunatafuna mikate baridi, yeye anafungua chupa yake ya moto, wali na dengu, mpaka chumba kizima kinanuka nyumbani. Nikamwonea wivu. Nikamuuliza, ukifika kwenu unaosha vyombo? Akanishangaa. Akasema mama yake kampa chumba cha uani na amewatangazia jamaa wote kwamba mpaka saa nne usiku binti yake hayupo. Mgeni akija huambiwa hayupo, naye yumo ndani anasoma. Uongo mdogo kama huo nadhani Mola anausamehe.

Basi Baba, rai yangu ni hii. Mwaka wa kwanza mwache akae dakhalia. Mwaka mmoja tu, mwaka wa kujuana na watu, maana urafiki wa chuo hushonwa mwanzo, na akija kuingia mwaka wa pili vikundi vimeshajifunga. Ijumaa baada ya vipindi aje nyumbani, Jumapili jioni arudi. Tunguu si Ulaya. Mama akitamani kumwona atapanda gari. Pesa ya chumba nitaichangia mimi. Amana ya chumba changu hapa inarudi mwisho wa mwezi na sina kazi nayo bora kuliko hiyo.

Ukiona bado moyo hautui, nami siwezi kukulazimisha, wewe ndiye mzee wetu, basi akae nyumbani kwa masharti ya yule mama wa Ilford. Toka magharibi mpaka saa nne, hayupo. Mama akitaka msaada jikoni, amwite kaka yetu. Kukuna nazi hakuhitaji buibui. Siku ya kundi lao kusoma, alale kwa Khalati kule Mwanakwerekwe, ni karibu zaidi na Tunguu, na asubuhi anapanda gari moja badala ya mbili. Khalati nimeshamuuliza, kasema karibu. Samahani kwa kukutangulia.

Mdogo wangu, na wewe mwaka huo ukipewa, sitaki kusikia umefeli kwa kuangalia tamthilia za Kituruki. Na Ijumaa ukichelewa kurudi, Baba ataniuliza mimi.

Nategemea kupanda ndege mwisho wa mwezi, inshallah. Msinisumbukie kwa chakula cha mgeni; nataka muhogo wa nazi na papa, basi. Kuna ombi moja tu. Ile meza ya ukumbini niliyokuwa nikisomea, najua Mama kaiwekea cherehani. Naomba mdogo wangu arudishiwe meza kabla sijafika, awe dakhalia au awe nyumbani. Cherehani ihamishiwe chumbani kwangu, pana dirisha na mwanga mzuri wa asubuhi. Mimi nitalala na Bibi.

Wasalaam,
Binti yenu