Sabufa imenifia mbele ya mama mkwe

Kimara, Jumapili usiku

Hamisi mwanangu,

Salaam sana. Huku wazima, mvua zimeanza na barabara yetu unaijua. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa mzee Kondo, utanisema tukionana. Leo nina shida, ndiyo maana nimekukumbuka, wala sifichi.

Sabufa ya kwenye gari imekufa. Ile ile uliyosema ina thamani kuliko gari. Jana nampeleka mama mkwe Bagamoyo, tumefika Bunju akauliza nani anachoma mpira. Nikapandisha kioo, nikamwambia ni jalala, mama. Harufu ikazidi. Kumbe inatoka kwenye buti! Koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, imekuwa nyeusi kama mkaa. Ukisukuma koni kwa vidole inakwaruza, krr, krr.

Yule fundi wa Gerezani aliyenifungia alizungusha geini ya amplifaya, kile kikuza sauti, mpaka mwisho, akasema "mziki mnene huo, bosi." Nami nikachekelea. Miaka yote nilijua geini ni volyumu nyingine tu. Siyo, Hamisi! Kile kitufe kimeandikwa volti 6 upande huu, volti 0.2 upande ule. Kazi yake ni kuiambia amplifaya itegemee umeme kiasi gani kutoka kwenye redio. Redio yangu inatoa volti 2. Ukiiweka kwenye 0.2, amplifaya inamaliza nguvu zake mapema, na wewe bado unaongeza volyumu. Wimbi la sauti linakatwa kichwa, linakuwa bapa, koili inapikwa. Na besi busti, kile cha kuongezea besi, nayo ilikuwa juu kabisa. Nilikuwa nasikia besi inapasuka, nikadhani ndiyo utamu wenyewe.

Spika za milangoni zimepona kwa bahati. Nimezikatia besi yote ya chini ya hezi 80, hiyo kazi ya sabufa mpya. Zimetulia, sasa hata maneno ya taarabu nayashika. (Ile redio ya Kijapani niliitoa zamani, FM yake iliishia 90, nusu ya stesheni za mjini sizipati.)

Sasa turudi kwenye geini, maana safari hii fundi haigusi. Amplifaya wati 300, sabufa ukinzani wa omu 4. Zidisha, tafuta kipeuo cha pili, unapata volti 34 na ushee. Natoa waya za sabufa, besi busti sifuri, redio robo tatu, napiga mlio wa hezi 50, napandisha geini taratibu mpaka mita ya umeme isome volti hizo. Basi. Ila mita yangu ya machinga juzi iliniambia betri ina volti 9, na gari inawaka vizuri tu.

Ile mita yako ya njano ipo, au ndiyo ulimwachia Deo? Ukiipandisha basi la asubuhi hapo Msamvu, naipokea stendi ya Magufuli. Au unashuka mwenyewe Dar mwezi huu? Binti amepangiwa shule gani? Na kuna kamlio kembamba kanapanda kila nikikanyaga mafuta: inaweza kuwa ile waya ya hasi niliyofunga juu ya rangi bila kukwangua? Mama Salma anasema niuze vyote ninunue friji. Ukimpigia, usimwambie bei ya sabufa mpya.

Wako,
Sadiki