Yai la chokoleti kwenye friji, yai la kuku mezani

Kila Jumatatu ya Pasaka simu ya duka letu hupokea picha zilezile: yai la chokoleti juu ya kiganja, limepauka ubavuni kama goti lililokosa mafuta, na chini yake ujumbe wa maneno manne, "Mmeniuzia la mwaka jana." Mwaka jana mteja mmoja hakuishia kwenye picha. Alikuja mwenyewe na boksi lake la mayai kumi na mawili, akalitua kaunta mbele ya wateja wengine, akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Dada, haya yana ukungu. Nimewalisha watoto ukungu siku ya Pasaka."

Mayai yale niliyamimina kwa mikono yangu, Jumanne na Jumatano ya Juma Kuu. Nikamwuliza aliyaweka wapi.

"Kwenye friji. Wapi tena?"

Nilichukua moja nikalisugua kwa kidole gumba. Weupe haukutoka, ulikwaruza kidogo, kama mchanga laini. Hiyo ni sukari. Chokoleti ikitoka kwenye friji na kukutana na hewa ya vuguvugu, hutoka jasho kama chupa ya maji baridi. Jasho lile huyeyusha sukari iliyo juu juu, kisha maji yanakauka, na sukari inaganda upya kwa chembe nyeupe. Kuna weupe wa pili, wa mafuta: chokoleti ikilainishwa na joto, tuseme ndani ya gari lililoegeshwa juani, kisha ikapoa ovyo, siagi ya kakao hupanda juu na kugandia pale. Huo ukiusugua unayeyuka na kupotea chini ya kidole. Weupe wote huo haudhuru mtu. Mng'aro umekwenda, utamu umepungua, basi.

Na ndiyo, karatasi iliyomo ndani ya boksi inaeleza: mahali pakavu, penye nyuzi 15 hadi 18, mbali na vitu vyenye harufu. Hilo la harufu tuliliongeza baada ya mteja mwingine kulalamika kwamba mayai yake yana ladha ya kitunguu. Yalilala usiku kucha jirani na nusu ya kitunguu, kwenye friji hiyohiyo. Kama kwako ni joto kweli na huna pengine pa kuyaweka, yafungie kwenye chombo kisichopitisha hewa ndipo uyaingize, na ukiyatoa usifungue chombo mpaka kiwe na joto la chumba. Jasho litashika chombo, siyo chokoleti.

Mama yule alisikiliza yote haya akaniuliza swali ambalo kwa kweli ndilo lililomleta: kama ni chokoleti tu, iliyoyeyushwa ikamiminwa, mbona bei yake ni ile?

Basi nieleze. Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa fuwele, yaani chembe ngumu zilizojipanga, za aina sita, na tunayoitaka ni moja tu, ile ya tano. Ndiyo inayong'aa, ndiyo inayokatika kwa mlio, ndiyo isiyoanza kuyeyuka ukiishika tu. Kuipata ndiko kunaitwa kutempa. Chokoleti nyeusi naipandisha hadi nyuzi 45 au 50 ili fuwele zote za zamani zife. Naimwaga juu ya marumaru, naitandaza na kuikusanya, naitandaza na kuikusanya, hadi ishuke kwenye 27 au 28 na ianze kuwa nzito kwenye spachula. Kisha narudisha 31 hadi 32, hapo ndipo inafanyiwa kazi. Ya maziwa inafanyiwa kazi kwenye 29 hadi 30, nyeupe chini zaidi ya hapo. Nikizubaa ikapita 34 hivi, fuwele nilizozitafuta zimeyeyuka na naanza upya. Kabla ya kumimina nachovya ncha ya kisu na kuiweka pembeni. Ikiganda ndani ya dakika chache, kavu, bila michirizi, twende kazi.

Kalibu nazo, zile tunazomiminia chokoleti ishike umbo la yai, zinasuguliwa kwa pamba kavu, moja moja, kwa sababu alama ya kidole iliyobaki ndani ya kalibu utaiona kwenye yai. Tunapaka tabaka la kwanza, tunapindua kalibu chokoleti ya ziada imwagike, tunakwangua kingo, tunasubiri, tunapaka la pili. Vipande viwili vinaunganishwa kwa kugusisha kingo zake kwenye bamba la vuguvugu kwa sekunde chache, na sekunde moja zaidi inatosha kupinda kingo. Yai kubwa linakula sehemu ya siku mbili. Yakitoka na ufa hatuyauzi, na yapo kila mwaka.

Halafu kakao yenyewe. Mwaka 2024 bei yake kwenye soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza, baada ya mavuno kuwa mabaya Kodivaa na Ghana, nchi mbili zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao yote. Mteja akiniambia bei yangu imepanda, namwambia imepanda kweli, tena mimi ndiye niliyetangulia kuilipa.

Njia ya mkato naijua maana inanifikia mlangoni. Jumamosi moja kabla ya Pasaka, tumeshaanza kufagia, kaka mmoja alikuja na kalibu imefungwa kwenye taulo. Alikuwa ameyeyusha chokoleti kwenye maikrowevu, akamimina, akaigandisha kwenye friza, na sasa haitoki. Chokoleti iliyotempwa hunywea kidogo inapoganda na kujiachia yenyewe. Unapindua kalibu, unaigonga taratibu, yai linadondoka. Isiyotempwa inang'ang'ania. Alikuwa ameipiga kwa mpini wa kisu hadi kalibu ikapasuka. Kwa hesabu yake mwenyewe, alinunua chokoleti mara mbili na kalibu moja, kisha akanunua yai letu la mwisho kwenye rafu, ambalo siku nyingine asingelichagua kwa sababu ya ule utepe wa zambarau.

Wengine wanatuambia kuna mahali yanauzwa nusu ya bei yetu. Geuza paketi usome viungo. Kama mafuta ya mimea yamechukua nafasi ya siagi ya kakao, hiyo haihitaji kutempwa, inaganda ikiwa inang'aa bila shida, na inabaki ulimini kama nta. Siyo sumu. Naitumia mwenyewe kwa kazi nyingine. Ila usiniletee mezani ukaniambia ni kitu kilekile.

Msinielewe kwamba sisi hatuharibu. Nimewahi kuangamiza bakuli zima la kilo nne kwa mvuke wa sufuria niliyoiweka chini yake. Chokoleti iliyoyeyuka ikipata tone la maji, chembe za sukari hulowa na kushikana, na kabla hujavuta pumzi una kitu kizito kama udongo wa mfinyanzi. Hairudi kuwa chokoleti ya kumimina. Cha kufanya ni kuongeza krimu ya moto na kuigeuza mchuzi wa kumwagia keki, na wiki ile keki zetu zote zilikuwa na mchuzi wa chokoleti, mteja aagize asiagize.

Turudi kwenye friji, maana lawama yake ya pili ni skonzi za msalaba, vile vimkate vitamu vya Ijumaa Kuu. "Siku ya pili zilikuwa ngumu kama sifongo kavu." Ukiuliza, ziliwekwa friji ili "zisiharibike". Wanga wa mkate hugeuka mgumu haraka zaidi kwenye ubaridi wa friji kuliko mezani. Skonzi ziache kwenye chombo kilichofunikwa, mezani, siku moja au mbili. Zaidi ya hapo zigandishe kwenye friza siku ileile ulipozinunua, na ukitaka kula zipashe moja kwa moja kwenye oveni.

Donge bichi ndilo lenye haki ya kuingia friji, na hapa nakiri kwamba ninachowakataza ndicho ninachokitegemea. Donge la skonzi hizi lina sukari, siagi, mayai na viungo, na karibu vyote humchelewesha hamira. Mdalasini wenyewe unamzuia. Mtu wa nyumbani akiona saa moja imepita na donge halijapanda, anafanya moja kati ya mawili: anaongeza hamira mara mbili, au anawasha oveni na kuliingiza ndani "lipate joto kidogo". Ya kwanza inakupa skonzi zenye harufu ya pombe, ndani mashimo, kufikia jioni zimekauka. Ya pili inayeyusha siagi ikachuruzika, na hamira akifika nyuzi 60 hivi amekufa. Sisi tunakanda jioni, tunalilaza kwenye friji usiku kucha, tunaamka saa tisa za usiku kuligawa. Donge linapanda polepole na ladha inajengeka. Usiku huo nao umo kwenye bei.

Dada mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, aliniambia amefuata kila kitu nilichomwelekeza na bado donge lake lilikaa kama jiwe. Nikamwomba anionyeshe anavyoanza. Akachemsha maziwa, akayaepua yakiwa bado yanatoa mapovu pembeni, akamwaga hamira. Maziwa yanatakiwa kuwa ya vuguvugu tu, uingize kidole usishtuke. Alikuwa akiua hamira dakika ya kwanza kisha anamkanda marehemu kwa nusu saa.

Msalaba juu ni uji mzito wa unga na maji unaokamuliwa kabla ya kuoka. Aisingi ya sukari hapana. Ukiichora kabla ya kuoka inachuruzika na kuungua. Sharubati ya kung'arisha inapakwa skonzi zikiwa zimetoka tu kwenye oveni. Mengine utayaona mwenyewe.

Keki za kuletewa tupambe: tumeacha. Nawaombeni msikasirike. Mtu anaoka nyumbani kuokoa fedha, anatuletea keki asubuhi ya Jumamosi, bado ina joto katikati, mgongo umepanda kama kichuguu, anasema "weka tu fondanti na vifaranga". Krimu ya siagi ikikutana na keki ya moto inayeyuka, fondanti, lile tandiko la sukari juu yake, inateleza, na kufikia saa nane mchana vifaranga wamehamia upande mmoja wa sahani kama wanakimbia mvua. Lilitokea, na lawama ikawa yetu. Keki ya fondanti nayo ikikaa friji bila boksi hutoka jasho ileile ya chokoleti, rangi zikachuruzika. Kama imeshatoka jasho usiifute kwa kitambaa. Iache ikauke yenyewe.

Sasa kile ambacho hakika kingepaswa kuwa friji, ndicho nikitembelea watu nakikuta mezani. Mayai ya kuku ya kuchemsha, yaliyopakwa rangi, kwenye kikapu chenye majani ya karatasi, tangu Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, na watoto wanayamenya na kuyala. Yai la kuchemsha lisikae nje zaidi ya saa mbili kama linaliwa. Likiwa friji na ganda lake, liliwe ndani ya wiki moja. Mkitaka kikapu cha kukaa siku nne, toboa mayai mabichi ncha zote mbili, puliza ute na kiini vitoke, osha, kausha, ndipo upake rangi. Vilivyotoka usivimwage, ni keki hiyo. Na kwa rangi, maganda makavu ya kitunguu yakichemshwa yanatoa kahawia ya shaba nzuri kuliko unga wowote wa dukani. Tia kijiko cha siki.

Mama wa mayai kumi na mawili sikumrudishia fedha. Nilimwomba asubiri. Niliyavunja mayai yake mbele yake, nikayeyusha, nikatempa upya, nikamimina kwenye bamba jembamba, likatoka linang'aa kama siku ya kwanza. Ukungu haufanyi hivyo. Alilibeba bila kusema neno. Mwaka huu ameagiza tena, na kwenye sehemu ya maelezo ameandika, "Nimeondoa kitunguu."

Pasaka haitulii kwenye kalenda: 2024 ilikuwa Machi 31, 2025 Aprili 20, 2026 Aprili 5, na 2027 itarudi Machi 28. Angalieni tarehe, msihesabu kwa kukumbuka mwaka uliopita. Oda za mayai ya chokoleti tunazifunga Jumapili ya Matawi jioni. Skonzi zinachukuliwa Ijumaa Kuu kuanzia saa moja asubuhi, kwenye mfuko wa karatasi, zikiwa bado za moto. Usizihamishie kwenye plastiki mpaka zipoe.