Dada, mtoto akichemka mwili huku usituambie tumkimbize Dar

Dada yangu, shikamoo.

Ile voisi uliyotuma kwenye group la familia nimeisikiliza nikairudia tena. Umesema watoto wanakuja Muheza kwa bibi yao likizo ya mwezi wa 6 na yeyote akipata homa tusihangaike na hospitali ya hapa, tukodi gari twende nae Bombo, ile hospitali ya mkoa kule Tanga mjini, moja kwa moja au ikibidi tumlete Dar, hela ya gari utatuma. Nimeona nikujibu hapa hadharani maana sio wewe peke yako, ndugu zetu wengi walioko mjini wanaongea hivyohivyo, na wazee wanawasikiliza kwa sababu nyie ndo mnatuma hela.

Mie nasema hapana. Mtoto akipata homa anaenda hospitali ya hapahapa, anaenda mapema, na wao wakisema huyu apelekwe Bombo ndo tunampeleka, tena na karatasi ya rufaa mkononi.

Sikia nikwambie kwa nini. Watoto wako wamekulia Dar, malaria ya Dar ni kidogo kuliko ya huku kwa hiyo miili yao haijaizoea kabisa, alafu mwezi wa 6 masika ndo yanakuwa yametoka kuisha na mbu ndo wamejaa. Mtoto wa namna hiyo unamuona asubuhi anakimbizana na wenzie chini ya michungwa, jioni anasema kichwa kinauma, usiku anashikwa degedege. Hapo ndo unataka tuanze kutafuta gari? Kumwamsha dereva, kupatana bei, kutafuta mafuta, alafu kilomita kama 40 mpaka Tanga, na Dar ndo usiseme ni kama 300. Na humo njiani ndani ya gari hakuna mtu wa kumpima sukari, hakuna oksijeni, hakuna kitu, ni nyie na kitambaa chenye maji.

Nimetaja sukari kwa sababu niliona kwa macho yangu. Jirani yetu mmoja binti yake alishikwa usiku, tukapanda boda, mtoto katikati na mama yake nyuma, mie nikafuata na boda nyingine. Pale mapokezi nesi hakuuliza kadi wala hela, alimpokea mtoto palepale mlangoni, akamfunua kope la chini akaangalia, akageuza kiganja cha mtoto akakilinganisha na cha kwake, kilikuwa cheupe mpaka nikaogopa. Akamtoboa kidole, tone moja kwenye kipimo cha malaria tone jingine kwenye kimashine cha sukari. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya sana. Kabla hata majibu ya malaria hayajatoka mtoto ameshawekewa sukari ya mshipa, alafu ndo ikafuata sindano ya malaria na watu wa maabara wakaanza kutafuta damu ya kumwongezea. Yule mtoto sa hivi yuko darasa la kwanza. Sasa fikiria kama tungekuwa tumeipita ile hospitali tunakimbilia mjini, yaani nikiwaza nasisimka.

Alafu kuna kitu sidhani kama unakijua na ndo kinaniuma ukisema "kahospitali ka shamba". Hospitali Teule hapa Muheza, hii ya kanisa la Anglikana ambayo miaka na miaka imefanya kazi ya hospitali ya wilaya, imesaidia dunia nzima kujua namna ya kutibu watoto. Unakumbuka zamani tukilazwa na malaria kali ilikuwa ni dripu ya kwinini, inaingia polepole masaa kibao, na kwinini yenyewe inaweza kushusha sukari zaidi? Basi ukafanyika utafiti kwenye nchi 9 za Afrika, watoto 5,425 wenye malaria kali, wengine kwinini wengine sindano ya atesuneti. Teule ilikuwemo. Upande wa kwinini walikufa asilimia 10.9, upande wa atesuneti asilimia 8.5. Matokeo yalitoka 2010 na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likasema atesuneti ndo iwe dawa ya kwanza kwa watoto wenye malaria kali. Kwa hiyo sindano ambayo mtoto wako atachomwa kwenye hospitali kubwa ya Dar, watoto wa mashambani huku Muheza wamo kwenye ushahidi wake.

Na sio huo tu. Kuna mwingine wa 2011, Kenya, Uganda na Tanzania, hospitali 6, na kwa Tanzania ilikuwa ni Teule peke yake. Walitaka kujua mtoto mwenye homa kali ambaye damu haizunguki vizuri mwilini, ukimmiminia maji mengi ya dripu kwa haraka kama ilivyokuwa inafanyika nchi tajiri, je anapona zaidi? Kila mtu alitegemea ndio. Ikawa sio. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa kama 10 na ushee kwa kila 100 ndani ya masaa 48, ambao hawakumiminiwa 7 na ushee, utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake. Madaktari wa dunia nzima walibaki wanajiuliza. Hayo yametoka kwenye wadi za watoto za hospitali kama hii tunayoipita kwa gari la kukodi, dada.

Upande wa pili ni mama yetu, na huku na mimi nina kazi. Unajua anavyoamini degedege haichomwi sindano, eti ukimchoma anakufa, na bado wapo huku wanaosema mtoto afukizwe mavi ya tembo kwanza. Mie simcheki mama, nimeshaelewa hiyo imani inatoka wapi. Watu walikuwa wanakaa na mtoto nyumbani, wanaenda kwa mganga, hali ikishakuwa mbaya kabisa ndo wanampeleka hospitali, anachomwa sindano na anafariki, basi lawama inaangukia sindano. Kilichomuua ni kuchelewa. Na wewe na gari lako la kukodi, samahani sana dada yangu, unatuchelewesha vilevile, tofauti ni kwamba wewe unalipia mafuta.

Sikufichi, shida zipo. Hospitali ndogo nyingi za huku kuna siku unaandikiwa dawa ukanunue duka la nje, kuna siku foleni inakukuta mpaka mchana, watoto chini ya miaka mitano sera inasema bure lakini kama dawa hamna hiyo bure inabaki mdomoni. Nesi mmoja usiku na wadi imejaa, watoto wawili kitanda kimoja. Hilo ndo la kupigia kelele, sio kuikimbia, maana wenye sauti na hela mkishaikimbia anayebaki ni mama wa kule Amani milimani anayeshuka na mtoto mgongoni kwenye barabara ya utelezi, na yeye hana mtu wa kumsemea.

Kwa hiyo naomba haya. Watoto waje na kadi zao za kliniki, usiziache kabatini. Chandarua ninazo, usinunue. Mpigie mama umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba homa yoyote ni hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana, asinisubiri mimi wala asisubiri hela, maana mie akinisikia ananiona mtoto ila wewe anakusikiliza. Ile hela ya gari mkatie bima yeye na kaya yake. Na wewe ukija kuwachukua ingia siku mbili mapema, twende wote tukachangie damu, ni nusu saa tu, pale maabara wanahangaika na damu za watoto kila wakati na ndugu wengi wakiambiwa watoe wanakimbia.

Salamu kwa shemeji.